Shafti ya Mbele na Harusi ya Mama Mkwe

Wiki ile mama mkwe wangu alikuwa anaolewa. Si mdogo wangu, si binti yangu: mama mkwe mwenyewe, mjane wa miaka sitini na sita, mwenye wajukuu tisa na kisukari kidogo. Harusi ilikuwa Jumamosi, kanisani Tororo, kwa sababu bwana harusi ni mtu wa huko, mzee mstaafu wa reli. Na bibi harusi alikuwa ametoa sharti moja tu. Hakutaka gari la kukodi lililofungwa mariboni. Alitaka kupelekwa na gari letu kwa sababu, alisema, limeshamzoea mgongo.

Gari lenyewe ni fowili la zamani ambalo naliendesha mimi. Nina duka la mbegu na dawa za mimea hapa Busia, upande wa Uganda, na siku za soko napakia mifuko na kwenda Buhehe au Lunyo, barabara ambazo mvua ikinyesha hupiti kama magurudumu yote manne hayavuti. Jumatatu ya wiki ile, nikirudi kutoka Lunyo, nilikata kona nikasikia tak-tak-tak kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Nikanyoosha usukani, kimya. Nikakata tena, tak-tak-tak-tak, kama mtu anayevunja mifupa ya kuku kwa meno. Nikashuka, nikainama. Ile raba inayofunika kiungo cha shafti, ambayo mafundi wanaiita buti, ilikuwa imepasuka mzunguko mzima, na grisi imetapakaa ndani ya rimu yote. Mchanga ulikuwa umeshaingia kwenye kiungo na kukila.

Nilijua maana yake, kwa kuwa shafti ya kulia ilikufa hivyo hivyo mwaka uliotangulia, na siku ile nilisimama kando ya fundi wangu kutwa nzima nikimuuliza maswali mpaka akaniomba nikapike chai. Shafti ndiyo inayochukua nguvu kutoka kwenye difu, lile tumbo la chuma lililo katikati, na kuipeleka gurudumuni. Ikikatika, umekwama. Nikamwona akilini mama mkwe wangu na gauni lake jeupe amekaa juu ya jiwe kando ya barabara ya Tororo, malori ya saruji yanampita na kumpakaza vumbi.

Nilimpigia fundi. Alikuwa amekwenda mazishini Soroti.

"Mama, mimi narudi Jumapili," akasema.

"Jumapili mtu ameshaolewa. Nitajie hatua, nitafungua mwenyewe."

Akacheka. Alipoona sicheki, akanitajia mambo sita ya kuzingatia. Nilikuwa dukani, nikayaandika nyuma ya pakiti ya mbegu za sukuma wiki. Niliandika matano. La sita lilimezwa na lori lililokuwa linapita, na nilipomwita tena, simu yake ilikuwa imekata.

Sasa shafti mpya. Shafti ilikuwa ng'ambo ya mpaka, na hapo ndipo palipokuwa na shughuli. Wifi yangu, dada pekee wa mume wangu, ameolewa Busia ya Kenya na anauza spea za magari. Kutoka mlangoni kwangu hadi kibandani kwake ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Lakini hatukuwa tumezungumza tangu siku uchumba ulipotangazwa. Hakuitaka ndoa ile hata kidogo. Alisema ni aibu kwa baba yao, ingawa baba yao ana miaka kumi na mmoja kaburini, na alisema mbele ya shangazi zake wote kwamba mimi ndiye niliyemtafutia mama yake mume ili nibaki na nyumba peke yangu. Mume wangu alikuwa kazini Kampala hadi Ijumaa jioni. Hata angekuwepo, yeye akishika spana huishika kama kijiko.

Nilimtumia wifi ujumbe mkavu: aina ya gari, mwaka wake, mbele kushoto. Akajibu neno moja: "Iko."

Alhamisi saa tatu asubuhi akaingia uani kwetu juu ya bodaboda. Amekaa upande, shafti ameipakata mapajani, ameifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Bodaboda ya pili ilikuwa nyuma yake na stendi mbili za chuma, soketi kubwa, mtaimbo na galoni ya oili. Kichwani alikuwa na rasta mpya, nyembamba kama uzi, zinazofika kiunoni. Kazi ya siku mbili kwa msusi, na alikuwa anazibeba shingo imenyooka kama aliyejitwika mtungi.

"Pale mpakani wameniuliza nimebeba nini," akasema bila hata salamu. "Nikawaambia ni mguu."

"Wakasemaje?"

"Wakasema pole."

Sikutaka kucheka, nikacheka. Yeye hakucheka. Alitazama huku na huku uani.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Na wewe."

"Mimi nauza tu, wifi! Sijawahi kufungua hata nati ya wilbaro."

Na ilikuwa kweli. Miaka kumi na minne anauza spea, anaweza kukwambia kwa simu, huku anakula, ni kifaa gani kinaingia kwenye gari gani, lakini alivijua rafuni tu, ndani ya maboksi yake. Mimi niliviona siku moja vikiwa mahali pake, chini ya gari, lakini sikujua majina yake. Nikamwambia kwamba tukijumlishwa sisi wawili tunapata fundi mmoja. Akavua viatu vyake vizuri, akaomba malapa.

Tulianza kwa kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma na kuvuta handibreki. Kisha nikatoa kifuniko cha katikati ya gurudumu, nikanyoosha pini kwa plaizi na kuichomoa, na hapo ikabaki nati kubwa inayoshika ncha ya shafti. Fundi alisema nati hii ilegezwe gurudumu likiwa bado chini, la sivyo litazunguka nayo. Tukaweka soketi, tukaweka mpini, na kwenye mpini tukachomeka bomba la maji ili tupate nguvu. Nikasukuma. Haikutikisika. Wifi akaongeza mikono yake. Wapi! Tukapanda juu ya bomba wote wawili, tumeshika keria ya juu ya gari, tukaanza kurukaruka. Gari lilikuwa linayumba, sisi tunapanda na kushuka kama watoto kwenye tawi, na nati imetulia kama haituoni.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka bibi harusi. Wamama wa kanisa walikuwa wamempiga marufuku kazi zote kwa wiki nzima, wamemfunga nywele kwenye rola za rangi ya waridi na kumpaka usoni kitu cheupe alichoagizwa asikiguse.

"Nyinyi nafanya nini hapo?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mama, rudi ndani," wifi akasema. "Jua kali."

"Mimi nauliza, nyinyi nafanya nini?"

Tukamwonyesha nati. Aliiangalia, akaliangalia bomba, akatuangalia sisi wawili kutoka miguuni hadi kichwani. Sisi ni wembamba. Yeye si mwembamba.

"Toka. Mimi nakanyaga."

"Mama, wewe ni bibi harusi!"

"Bibi harusi iko na kilo. Toka."

Tukashuka. Alishika keria, akaweka mguu mmoja juu ya bomba, akavuta pumzi, akaweka wa pili. Kwa kitambo kidogo hakuna kilichotokea. Kisha, KWAA! Mlio kama bati linalopasuka, na bomba likaanza kushuka, na mama mkwe wangu akashuka nalo taratibu, wima, uso mweupe, rola zote mahali pake, mpaka malapa yake yakagusa ardhi. Akaachia keria, akakung'uta mikono.

"Imekwisha? Iko ingine?"

Nilikaa chini mavumbini. Sikuweza kusimama kwa kicheko. Wifi alikuwa ametupa mgongo, anajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa spana, lakini niliona mabega yake yanavyotetemeka.

Baada ya hapo tukapiga jeki, tukaweka zile stendi mbili chini ya chesisi. Hilo lilikuwa jambo la pili kwenye pakiti yangu, nimelipigia mstari: usiingize hata kidole chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Nililisukuma gari kwa nyonga, kwa nguvu, mara tatu. Halikutingishika. Tukatoa gurudumu.

"Ai," wifi akasema. Alikuwa amechuchumaa mbele ya vile vyuma, ananyoosha kidole bila kugusa. "Hii ndiyo kalipa?"

"Ile inayobana diski, eeh. Sijui jina."

"Ndiyo kalipa! Aki, kumbe inakaa hivi." Akaishika polepole, kama mtu anayekutana uso kwa uso na rafiki aliyemjua miaka mingi kwa sauti ya simu. "Na hii ni diski. Na hii, wifi, hii ni tairodi! Imelala! Mimi kila siku naisimamisha kwenye rafu!"

Kuanzia hapo hakushikika. Tulifungua bolti mbili za kalipa na kuining'iniza kwa waya, ili mpira wake wa breki usivutike. Tukatoa pini ya tairodi, ule mkono wa usukani unaogeuza gurudumu, tukalegeza nati yake, na nikamwambia apige nyundo kwenye chuma cha pembeni, si kwenye bolti yenyewe. Akapiga ya kwanza, akapiga ya pili. Kwa ya tatu, tairodi ikaachia kwa mshindo, na wifi yangu akapiga vigelegele virefu hivi kwamba jirani alichungulia juu ya ua kuuliza kama harusi imeletwa mbele.

Zikabaki bolti nne za kiungo kingine, kile cha chini kinachoshikilia gurudumu. Tulitandika mkeka, tukajilaza chali chini ya gari vichwa vimekaribiana, kila mmoja na spana yake na bolti zake mbili. Yeye alikuwa amelala upande wa ndani, rasta zake zimetandazwa juu ya mkeka kama kitambaa. Vyuma vikaanza kukwaruzana.

"Wifi," akasema. "Nikuulize. Ni kweli wewe ndiye uliyempeleka Mama kwa huyo mzee?"

"Nilimpeleka Tororo akatibiwe macho."

"Halafu?"

"Halafu kadi zao zikabadilishana. Mama akaitwa kwa jina la mzee, mzee akaitwa kwa jina la Mama. Wakaingia wote wawili kwa daktari wakigombana."

"Wakigombana?"

"Wakatoka wanacheka. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua maji."

Spana yake ikasimama. Nilikuwa nimengoja miezi mitatu kumweleza jambo hilo, na sasa nilikuwa nimelieleza nikiwa chali, uchafu unaniangukia kidevuni.

"Kwa hiyo macho yalipona," akasema.

"Yalipona sana."

Akaanza yeye kucheka. Ilianza kama kikohozi, kisha ikapanda, kisha tukawa wawili, tunagonga visigino kwenye mkeka, hatuwezi kupumua vizuri. Kila mmoja wetu alipotaka kunyamaza mwingine alisema "macho," na tukaanza upya. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Najua tu kwamba bolti zote nne zilitoka huku tukicheka, na kwamba sikuitazama tena pakiti yangu ya sukuma wiki.

Kiungo cha chini kilipoachia, habu nzima, ile sehemu inayobeba gurudumu, ikawa huru kuvutwa nje. Niliirudishia shafti nati yake kidogo ili nisiharibu ncha, nikaweka kipande cha ubao, nikagonga. Nikatoa nati, na ncha ya nje ikachomoka. Sasa ilibaki upande wa ndani tu, mahali shafti inapoingia kwenye difu na kushikwa na kipete chembamba cha chuma.

"Wewe kaa hapo hapo chini," nikamwambia. "Ingiza mtaimbo kati ya shafti na difu, ubinue. Mimi navuta huku nje."

"Nibinue vipi?"

"Kama unang'oa muhogo."

"Hapo umesema."

Tukahesabu moja, mbili, tatu. Akabinua, nikavuta. Shafti ilichomoka kwa mlio wa kizibo, na nikarudi nyuma hatua mbili, nikaketi chini kwa kishindo, shafti imo mikononi mwangu. Nikapiga kelele za ushindi. Ndipo nikasikia kitu kinamwagika. Gluk, gluk, gluk. Na harufu ile kali, nzito, ya oili iliyokaa tumboni mwa gari mwaka mzima.

Nikakumbuka uso wa fundi wangu mwaka ule, na beseni aliloliweka chini ya difu kabla ya kufanya lolote. Hilo lilikuwa jambo la sita: mwaga oili kwanza.

Chini ya gari niliiona miguu miwili ya wifi tu, imetulia kabisa. Niliinama. Kwa bahati alikuwa amegeuza uso, lakini difu lilikuwa limemwaga kila kilichomo juu ya zile rasta, kazi ya siku mbili, siku mbili kabla ya harusi. Zilikuwa zimelala ndani ya kidimbwi cheusi, zinang'aa. Nikawaza: basi, tulikuwa tumeanza kupatana, na sasa tutafika makaburini hatuongei.

"Wifi," nikasema. "Wifi, nisamehe."

Miguu ikaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Akajiburuza kutoka nje, akaketi, oili inamtiririka mgongoni, na akaufungua mdomo wake wote akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima, bila sauti kwanza, machozi yanachora mistari kwenye mashavu yake. Alinishika bega ili asianguke. Mkono wake ukaacha alama ya vidole vitano kwenye blauzi yangu.

"Zilikuwa zinanibana," akasema alipoweza. "Tangu jana. Sikulala. Walisuka wakakaza mpaka nikawa nashindwa kufumba macho!"

Na ile "macho" ikatumaliza kabisa.

Mama mkwe ndiye aliyemwosha. Alimketisha kwenye kibao barazani, akamwinamisha juu ya beseni, akamsugua kwa sabuni ya kufulia kama alivyomsugua alipokuwa mtoto Lunyo. Mimi nilikuwa naikagua shafti mpya kando ya ile ya zamani, nimezilaza sambamba juu ya gunia, napima urefu kwa kamba na kuhesabu meno ya pande zote mbili. Kwa hiyo niliwasikia.

"Mama," wifi akasema kutoka ndani ya beseni. "Unampenda kweli?"

Mama mkwe hakuacha kusugua.

"Baba yenu mimi nilipenda na heshima. Mtu mzuri. Huyu mimi napenda na kucheka." Akamwaga maji kikombe kimoja. "Nilikuwa sijui kama hiyo nayo iko."

Wifi akasema, "Mama, maji yameniingia sikioni," na mama yake akamfuta sikio kwa upindo wa kanga, taratibu, muda mrefu kuliko sikio linavyohitaji.

Meno yalilingana na urefu ulilingana. Nilipowatangazia, wifi alikuja na taulo kichwani akaichezea ile shafti ngoma, akaizunguka mara mbili. Kuirudisha kulikuwa kwepesi kuliko kuitoa, kwa sababu sasa tulijua kila kitu kinakwenda wapi na kinaitwaje. Nilipaka grisi kwenye sili, ile raba ya mdomo wa difu, ili isichanike. Tukalenga meno, tukasukuma kwa pamoja, na kipete kikaingia kwa mlio mdogo, tik. Nikaivuta kuhakikisha. Haikutoka. Tukafunga bolti moja baada ya nyingine, nikazipitia tena zote kwa mkono wangu, tukajaza oili mpya mpaka ikachungulia kwenye tundu. Gurudumu liliporudi chini, tulimwita bibi harusi tena kwa ile nati kubwa. Safari hii alikuja mwenyewe mbio, ameshakunja gauni. Nikaweka pini mpya.

Saa kumi alasiri tukaenda kulijaribu kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba. Nikaingiza fowili, nikakata usukani mpaka mwisho, nikazunguka polepole kushoto, halafu kulia. Wifi alikuwa kando yangu, amezuia pumzi. Nje, mama mkwe alikuwa anatembea sambamba na gurudumu, ameinama, mkono nyuma ya sikio.

"Mnasikia?" nikauliza.

"Mimi nasikia tumbo yangu," akasema. "Ingine hapana."

Jumamosi asubuhi, mume wangu ameshafika na kuvaa suti, nilitoka na funguo mkononi nikamkuta wifi amesimama kando ya mlango wa dereva. Alikuwa amefungua rasta zote, amechana nywele zake mwenyewe fupi, zimekaa vizuri. Akanyoosha mkono.

"Nipe. Mama yangu nitampeleka mimi."

Nikampa. Nilikaa nyuma na mume wangu, mkia wa gauni la bibi harusi umepitishwa katikati ya viti na kukaa magotini kwangu. Wifi aliendesha kwa adabu hadi Tororo, mikono miwili kwenye usukani, akipisha malori, na mama yake kando akiwapungia mkono watu asiowajua. Lakini tulipoingia kwenye uwanja wa kanisa, badala ya kuegesha aliendelea kuzunguka. Akazunguka uwanja mzima, anapiga honi, usukani umekatwa mpaka mwisho. Wamama wa kanisa walitoka mbio wakidhani breki zimekataa. Akazunguka mara ya pili. Bwana harusi alisimama katikati na koti lake la kijivu, anageuka kadiri gari linavyogeuka, anacheka, na mama mkwe wangu ametoa mkono wote dirishani.

"Simamisha!" mume wangu akasema. "Watu wanangoja!"

"Moja tena," bibi harusi akasema.

Tukazunguka ya tatu.